Marahaba ya Mkaguzi

Lusahunga, Biharamulo
11 Februari 2024

Kaka yangu Ildefonce,

Shikamoo kaka. Nimeisema kwa sauti huku naandika, hata wateja wamegeuka kunitazama. Simu zangu hupokei tangu mwaka juzi, na nasikia unawaambia watu kwamba simu haina adabu kwa sababu mtu anaanza na "haloo" kabla hajaamkia. Haya, nimekutafutia karatasi. Karatasi ina adabu. Sasa kisingizio kimekwisha.

Sisi hatujambo. Mgahawa unakwenda. Malori ya Rusumo bado yanalala hapa, na madereva wanasema maharage yangu yanazidi ya mama zao, nami nawaambia wasithubutu kusema hivyo nyumbani. Mume wangu Sostenes mguu umepona, anapanda baiskeli tena. Mahindi yetu ya Nyamigogo yamefika kiunoni. Wewe habari zako nazipata kwa wapita njia, kwamba tangu wifi Francisca atutoke unakula na redio tu. Kaka, redio haikuulizi umeshindaje.

Basi, lililonifanya niandike. Leonidasi wa Hiace atakuletea boksi lenye vitundu vya hewa. Usilitikise! Ndani mna kasuku wadogo wawili, wale wa kufugwa, wamezaliwa hapahapa nyuma ya mgahawa wangu. Wa kijani mwenye pua ya bluu ni dume. Wa njano mwenye pua ya kahawia ni jike. Wanaishi na watu, wanatua kidoleni, na ukiwa na subira wanasema maneno.

Anayewafuga hapa unamjua. Ulinikataza kulitaja jina lake, nami silitaji. Ila maelekezo ni yake, mkono tu ndio wangu. Wape ulezi na mtama mdogo, majani ya mchicha yaliyooshwa, na maganda ya mayai yaliyosagwa. Maji ubadilishe kila asubuhi. Huko kwenu milimani kuna baridi, jioni funika tundu kwa kitenge. Moshi wa jikoni usiwafikie. Na parachichi hapana, hata kidogo.

Msalimie Desderius jirani yako, mwambie ule mkungu wa ndizi alioniahidi bado nausubiri.

Dada yako,
Jovina


Ntobeye, Ngara
3 Machi 2024

Jovina,

Marahaba. Umeamkia vizuri, nami naitikia vizuri.

Mimi mzima. Maharage yanataka palizi, mbuzi amezaa mapacha, na Padre alipita kubariki nyumba za jumuiya yetu. Yangu alisema ni safi kuliko zote. Sijamwambia mtu jambo hilo ila wewe, na Desderius, na wale waliokuwepo.

Sasa hao ndege. Nimefundisha miaka thelathini na nne. Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule mbili. Wako wakubwa wa ofisi leo ambao nimewafuta makamasi mimi. Halafu mdogo wangu ananiletea ndege nichezee! Nilimwambia Leonidasi awarudishe palepale. Akasema gari linaendelea Rulenge, halirudi Lusahunga mpaka kesho. Nikakubali kuwalaza siku moja. Jioni nikawasikia ndani ya boksi wananong'onezana kama mke na mume wanaopanga bajeti, nikashindwa kuwatoa. Kulipokucha nilivunja kabati la zamani, nikachukua na wavu wa kuku, nikajenga tundu ambalo Desderius anasema yeye mwenyewe angelala humo bila kulalamika.

Dume nimemwita Mkaguzi. Anainamisha kichwa na kukutazama kwa jicho moja, utadhani mkaguzi wa elimu aliyekuta madaftari hayajasahihishwa. Jike ni Karani, kwa sababu anatafuna karatasi kutwa.

Maelekezo nimeyasoma. Ya ulezi na maji nimeyapokea, ni akili ya kawaida. La parachichi nimelicheka. Parachichi za Ntobeye zimelea wagonjwa, watoto na mapadre. Ndege akikaa Ntobeye atakula cha Ntobeye. Sifundishwi kulisha na mtu aliyeacha chuo cha ualimu amebakiza muhula mmoja tu, baada ya mimi kuitangazia parokia nzima kwamba binti yangu anakuja kushika chaki yangu. Akaenda kulea ndege nyuma ya mgahawa! Nimesema, na simtaji.

Wewe subiri. Ndege hawa watasema Kiswahili sanifu.

Kaka yako,
Mwl. Ildefonce,
Mwalimu Mkuu Mstaafu


Lusahunga
24 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo tena. Sisi wazima, na Sostenes anakusalimu. Anasema umwazime fundi wa tundu, maana banda letu la kuku linavuja.

Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni. Kulikuwa na mtu anaosha sufuria. Nilipofika kwa Mkaguzi sufuria ilinyamaza, nikasikia kicheko. Nilipofika kwenye chaki sufuria ikaanza tena, na safari hii ilisuguliwa mpaka nikaionea huruma.

Kaka, nakusihi, parachichi hapana. Huu si ubishi wa mtoto na baba. Kwa ndege wale ni sumu. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usiseme hukuona: PARACHICHI HAPANA.

Na kwa kuwa habari ya huyo mtu umeianza wewe, acha niimalizie. Chuo aliacha, kweli, na wewe ulikasirika, nami sikukulaumu. Lakini Krismasi ya mwaka juzi alikuja kwako mwenyewe, na keki mkononi. Akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo baba." Ukageuka ukaongeza sauti ya redio. Kaka! Hata mwizi akiamkia anaitikiwa kwanza, kesi inafuata baadaye. Mtoto alisimama pale mpaka taarifa ya habari ikaisha, akaweka keki chini, akarudi kwangu. Tangu siku hiyo hamwamkii mtu mzima yeyote bila kumtazama mdomo kwanza.

Mimi umeniitikia, asante. Imebaki ya kwake.

Jovina


Ntobeye
2 Juni 2024

Jovina,

Marahaba. Nimekawia kujibu kwa sababu ya kazi. Maharage yamevunwa, si haba. Mapacha wa mbuzi wamekua, mmoja ni mtundu, amekula kofia ya Desderius. Yale mengine uliyoandika nimeyasoma.

Ninalo la maana zaidi. Kaa chini kwanza. Mkaguzi amesema!

Sikiliza nilivyofanya kazi. Kila asubuhi naliweka tundu lake kibarazani, nakaa mbele yake, namwambia, "Karibu mgeni." Polepole, kwa matamshi. Wiki zikapita. Ananitazama kwa jicho moja, anakula ulezi wangu, kimya. Nikaanza kudhani nimepewa kiziwi. Sasa, kibaraza changu unakijua, kiko njiani, na watoto wote wa shule wanapita hapo. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba!" "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba!" Mpaka wote wapite. Jumatatu moja watoto wakaamkia, na kabla sijafungua mdomo nikasikia kutoka tunduni kikohozi kidogo, kile changu cha kuanzia, unakijua, halafu: "Marahaba!" Sauti yangu, Jovina! Yangu kabisa! Watoto walikaa chini barabarani kwa kicheko. Siku hiyo hiyo kijiji kizima kilipita kumwamkia Mkaguzi, na wote aliwaitikia. Nilivaa koti.

Ila furaha haikudumu. Juzi nilikuwa uani nanawa. Bibi Kanyange akaja kuniletea uyoga. Unamkumbuka, ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Macho yake sasa yanaona kivuli tu. Amefika kibarazani, hajasema neno, anasikia kikohozi changu, halafu, "Marahaba!" Yule mama akasimama. "Ildefonce," akasema, "nimekuamkia lini mimi? Mgongo huu umekubeba, leo unataka nikupe shikamoo?" Nikatoka mbio na povu usoni, nikamweleza ni ndege. Akasema nisiongeze uongo juu ya dharau. Akaondoka na uyoga wake. Jumuiya yote sasa inajua kwamba Mwalimu amezeeka vibaya, anawadai shikamoo bibi zake.

Kwa hiyo nataka Mkaguzi ajifunze "Shikamoo", amwombe radhi mwenyewe. Nimemwamuru kila siku: "Mkaguzi, sema shikamoo! Sema!" Hasemi. Uliza huko, kwa yeyote anayejua.

Mwl. Ildefonce,
Mwalimu Mkuu Mstaafu


Lusahunga
16 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimecheka mpaka nikaunguza wali. Hapa wazima wote. Dereva mmoja wa kwenda Kigali kasikia habari za Mkaguzi, anataka kupita Ntobeye amwone. Nimemwambia aamkie kwanza.

Nimemuuliza yeyote anayejua. Yeyote anayejua akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Anasema hivi. Ndege haamriwi. Ndege anasema kile anachokisikia mara nyingi kutoka kwa mtu anayempenda. Anayetaka ndege aseme shikamoo lazima yeye mwenyewe ampe ndege shikamoo. Asubuhi kabla ya chakula, redio imezimwa, tundu limefunikwa nusu, sauti ya upole. Kila siku. Na asichoke asipojibiwa.

Ndivyo alivyosema, sikuongeza chumvi.

Halafu kaka, kuna kitu. Umeandika Mkaguzi, Mkaguzi, Mkaguzi. Karani yuko wapi? Huyo anayejua anasema kasuku wawili wakiwa pamoja huzungumza lugha yao, hawana haja na ya kwetu. Anayeshika maneno ya mtu upesi hivyo mara nyingi yuko peke yake. Aliposema hivyo aliacha kula.

Nijibu hilo kwanza.

Jovina


Ntobeye
7 Julai 2024

Jovina,

Marahaba. Mimi mzima. Mvua hakuna, vumbi tele.

Mimi, Ildefonce, nimpe ndege shikamoo? Ndege! Nimeamkiwa na madiwani. Nimeamkiwa na mkuu wa shule aliyekuja na gari la serikali, kwa sababu nilimfundisha kusoma. Ndege huyu sijui hata kama amemaliza mwaka mmoja duniani, na mkia wake una kinyesi. Watu wakinisikia nitaweka wapi uso? Hilo halipo. Mwambie huyo anayejua atafute njia nyingine.

Karani alikula parachichi. Ilikuwa Aprili. Nilimpa kipande mimi mwenyewe, kwa kidole hiki, kwa sababu nilikuwa nimesema atakula. Mchana alikuwa amejikunja sakafuni mwa tundu. Nimemzika chini ya mgomba. Mkaguzi alimwita siku nyingi.

Huyo mtu usimwambie.

Ildefonce


Lusahunga
14 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo.

Nimemwambia. Siwezi kukaa na mtu jikoni kutwa nimeficha msiba wa ndege aliyemlisha kwa kijiti tangu hajaota manyoya. Alilia, kisha akafuta uso akaniuliza, "Baba amehuzunika?" Nikamwambia umemzika chini ya mgomba. Akasema, "Basi amehuzunika." Hakusema neno hata moja la kukulaumu, na mimi nilikuwa nimetega sikio.

Leonidasi anakuletea mfuko wa ulezi, aliyeupepeta ni yule anayejua. Na kioo kidogo, ukitundike tunduni ili Mkaguzi asijione mpweke. Anasema pia usikae mbali naye. Ndege aliyefiwa anataka mtu karibu.

Habari ya shikamoo njia nyingine hakuna. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulifundishwa na mama. Sasa kwenye ndege mkuu ni nani, kaka?

Jovina


Ntobeye
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Jovina,

Marahaba, na asante kwa ulezi. Ulikuwa safi, hauna hata punje ya mchanga. Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria tuliiadhimisha vizuri, kwaya ilipotea kidogo kwenye sauti ya tatu lakini Mungu amezoea. Bibi Kanyange alikaa benchi la mbele yangu akanipa mgongo misa nzima. Hata wakati wa kupeana amani alimpa amani Desderius mara mbili, mimi akaniruka.

Siku hiyo nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikafunga na dirisha. Nikazima redio. Nikalifunika tundu nusu. Nikakaa. Nikakohoa. Nikashindwa. Nikaenda kuwapa mbuzi majani, nikarudi. Nikasema, "Shikamoo."

Jovina, nilikuwa sijalisema neno hilo kwa kunyenyekea tangu mama yetu afe. Bibi Kanyange namwamkia, lakini haraka haraka, nikiwa natembea. Hili nililisema nimekaa, namtazama. Na yule ndege akainamisha kichwa, akanitazama kwa jicho moja, akageuka akaendelea kula.

Kesho yake nikasema tena. Akanipa mkia. Siku iliyofuata vilevile. Huyu huyu anayeitikia kijiji kizima, anayemwitikia hadi mbuzi, mimi haniitikii! Nilikasirika, nikataka kumpiga marufuku kibarazani. Halafu hasira ikaisha, kikabaki kitu kingine hapa kifuani. Unaamkia, unangoja. Ule muda wa kungoja, Jovina. Mtu unakaa na shikamoo yako hewani, hujui uirudishe au uiache. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, nyumbani kwangu, na aliyeninyima ni ndege tu.

Sikujua shikamoo isiyoitikiwa inauma hivi.

Naendelea nayo kila asubuhi. Sasa siungoji tena mlango ufungwe vizuri.

Jambo jingine. Kucha za Mkaguzi zimerefuka, zinanasa kwenye wavu. Inabidi zikatwe, na mikono yangu inatetemeka, naweza kumwumiza. Kazi hiyo inataka fundi. Kama huko yupo fundi mwenye nafasi, aje. Nauli nitampa Leonidasi.

Kaka yako,
Ildefonce


Lusahunga
8 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Leo sina habari za mahindi wala za mguu wa Sostenes.

Ile sehemu ya kungoja nimeisoma peke yangu kwanza, stoo, juu ya gunia la mchele. Nikalia kidogo. Halafu nikamwita nikampa aisome mwenyewe. Tangu saa ile anatembea na mkasi mdogo wa kucha kwenye mfuko wa aproni, lakini safari hapangi. Nikamuuliza, unaogopa nini, gari lipo, nauli ipo. Akasema, "Shangazi, nikifika nitasema nini? Nikiamkia tena akanyamaza, safari hii sitainuka."

Kwa hiyo nakuuliza kwa niaba yake, na ujibu wewe, si mimi. Akija, ataitikiwa?

Jovina


Ntobeye
6 Oktoba 2024

Dada yangu Jovina,

Marahaba. Swali lako sikulijibu kwa barua. Nilimwambia Leonidasi neno moja tu akupelekee, "Aje," kwa sababu mengine yalikuwa hayafai kupitia kwa dereva.

Habari za hapa. Mvua za kwanza zimegusa, watu wanapanda. Yule mbuzi mtundu nimemuuza, kofia ya pili ya Desderius ilikuwa imeshaingia hatarini. Kucha za Mkaguzi zimekatwa. Nilisimama pembeni nikaangalia. Alimshika ndani ya kiganja, kichwa kati ya vidole viwili, kwa namna ambayo ndege hakushtuka hata kidogo. Akanyanyua kila kucha kwenye mwanga, aone damu inaishia wapi, akakata ncha tu. Nimeona wauguzi wasio na mkono ule. Desderius akachungulia uani akauliza ni nani huyo aliyeinamia mkasi. Nikamwambia, "Humjui? Ni Happy, mwanangu, fundi wa ndege. Watu wanatoka mpaka Kigali kumtafuta." Hilo la Kigali ni yule dereva wako mmoja, lakini sikuwa kwenye kiapo.

Bibi Kanyange naye amekuja. Tulimfuata sisi wawili, Happy akamshika mkono mpaka kibarazani. Mkaguzi akakohoa kikohozi changu, nikafumba macho. Akasema, "Shikamoo!" Ndiyo! Baada ya siku zote zile! Bibi akanyoosha kidole kutafuta ilikotoka sauti, akagusa wavu, akasema, "Marahaba mjukuu wangu. Wewe una adabu kumshinda mwenye nyumba." Uyoga umerudi.

Habari za chuo sikumgusia. Jana jioni alinichorea kwa mkaa sakafuni tundu kubwa la kuingia mtu, lenye sehemu ya kutagia na sehemu ya vifaranga. Nilisahihisha vipimo viwili. Kimoja nilikosea mimi.

Sasa nikuambie la mlangoni, maana najua umeruka yote haya ukalitafuta.

Alifika mchana. Nilikuwa ndani, nimekaa palepale mbele ya tundu. Niliisikia Hiace, nikasikia miguu, halafu akasimama mlangoni na begi lake. Akafungua mdomo, akafunga. Akawa ananitazama mdomo, kama ulivyoandika. Nilimgeukia Mkaguzi. Ndege anayeitikia watoto, wakulima, mbuzi, Padre! Nilisema moyoni, leo, mwanangu, leo nisaidie. Hakutoa hata mlio. Alikuwa amemwona aliyemlea, amejibana kwenye wavu kutaka kwenda kwake, maneno yote yamemtoka.

Nikakohoa. Nikasema, uso wangu bado umeelekea tunduni, "Marahaba."

Happy akalitazama tundu. Akatabasamu kidogo, kwa huzuni, akasema, "Kumbe kweli anaiga sauti yako." Alidhani ni ndege, Jovina! Mtoto wangu mwenyewe hakuweza kudhani ni mimi.

Nikainuka. Nikaenda mpaka pale mlangoni, nikasimama mbele yake anione midomo, nikasema tena, "Marahaba, mwanangu."

Begi likamponyoka. Akasema, "Baba, mbona sijakuamkia?"

Nikamwambia, "Uliniamkia Krismasi."

Kaka yako,
Baba Happy